Uenyekiti wa mtaa au udiwani? Nimekalia viti vyote viwili, ngoja nikulinganishie

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu, fundi simu, kila nikipita kibandani kwake swali ni lilelile, mzee mi nianze na uenyekiti wa mtaa au nijipange niende udiwani moja kwa moja? Nimemjibu vipande vipande, leo nina haraka, kesho yeye ana mteja, mpaka nimeona bora niandike yote hapa na wengine mnaowaza hivyohivyo mfaidi.

Kwanza mnijue. Niliingia uenyekiti wa mtaa kwenye uchaguzi wa Desemba 2014, nikakaa miaka mitano, 2020 nikapata udiwani wa kata, 2025 kura za maoni za chama zikanirudisha nyumbani kufuga kuku. Mji wetu siutaji, ila ni halmashauri ya mji, saizi ya Korogwe au Makambako hivi, stendi moja, soko kubwa moja, na dampo moja ambalo kila bajeti tunasema litahamishwa. Naongelea Tanzania Bara. Wa Zanzibar kwenu sheha anateuliwa, hagombei, kwa hiyo nusu ya haya hayawahusu. Na ndugu zangu wa Kenya msije mkamfananisha diwani wetu na MCA wenu, yule anakaa bunge la kaunti linalotunga sheria na lina meno, zipo kaunti 47 na wadi 1,450, na miji yenu midogo inaendeshwa na bodi za kuteuliwa. Diwani wetu anakaa kwenye baraza la mji wenyewe, mezani pamoja na mkurugenzi wa halmashauri, na huo ukaribu ni raha na ni karaha, tutafika.

Kalenda ndio ya kwanza kuangalia maana watu wengi wanaikosea. Mitaa inachagua mwaka mmoja kabla. Ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024, inayofuata hesabu 2029. Madiwani wanachaguliwa siku moja na Rais na wabunge, ilikuwa Oktoba 2025, kwa hiyo mpaka 2030. Ya mtaa inasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, ya udiwani ni Tume ya Uchaguzi, na daftari ni mawili tofauti. Hapa ndo watu wanalia. Ya mtaa inaandikisha orodha yake upya, 2024 ilikuwa siku kumi tu, tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, ukiwa na kadi yako ya kura lakini hukwenda kujiandikisha kwenye orodha ya mtaa basi humo. Nimeona jamaa kahamasisha ukoo mzima, kapika na pilau, siku ya kura majina ya shangazi zake hayaonekani, akashindwa kwa kura ambazo zilikuwa zimekaa chini ya mwembe kwake zinakula.

Masharti hayatishi. Miaka 21, ujue kusoma na kuandika, uwe mkazi, na uwe na chama, mgombea binafsi hakuna iwe mtaani iwe katani. Hilo la chama usilichukulie poa, uchaguzi wako wa kwanza ni ndani ya chama na mara nyingi ndio mgumu kuliko ule wa wananchi. Mimi wananchi hawajawahi kuninyima kura, walioninyima nawasalimia kila siku msikitini na sokoni.

Sasa kazi yenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa kazi inamfuata nyumbani, na haiji saa za ofisi. Saa nane usiku hodi, bodaboda ya mtu imeibiwa, kijana kakamatwa na wananchi wanataka kumchoma, unavaa kandambili unakimbia unasimama katikati unapiga simu polisi, kabla hujalala vizuri alfajiri mama anakuja na binti yake mume kampiga. Asubuhi foleni ya barua za utambulisho: wa benki, wa NIDA, wa kwenda kumdhamini ndugu yake, wa mtoto anayeenda chuo. Mchana majirani wanagombania mpaka, mmoja kasogeza michongoma hatua mbili. Hapo hakuna kabrasha wala ajenda, unaenda na mjumbe mmoja na mzee mmoja anayekumbuka huo mpaka ulipokuwa, mnapima kwa hatua, mnakunywa maji, imeisha. Siku hiyohiyo! Hiyo raha ya jambo kuanza asubuhi na kuisha jioni sikuipata tena nilipokuwa diwani, kabisa.

Na kuna mambo makubwa yanapita mkononi mwa mtaa bila watu kuona. Kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, zinatajwa kwenye mkutano wa mtaa, mbele za watu, na wewe ndo umekaa mezani, ukimpitisha shemeji yako mtaa mzima unajua. Sensa ya Agosti 2022 na zoezi la anwani za makazi mwaka uleule, waliotembea nyumba kwa nyumba na makarani walikuwa wenyeviti, maana nani mwingine anajua kwamba nyumba ya bati jekundu ina wapangaji sita na mlango wa nyuma.

Diwani naye anabishiwa hodi, ila hodi yake ni nyingine. Anaambiwa barabara, maji, taa za stendi, upungufu wa walimu, zahanati haina dawa. Yaani vitu ambavyo karibu vyote funguo zake anazo mtu mwingine. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali kuu, baraza halina greda. Maji mjini yako kwa mamlaka ya maji. Walimu na manesi wanaajiriwa na kupangwa kutoka juu. Kodi ya majengo ambayo zamani halmashauri ilikuwa inaikusanya yenyewe, siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ilianza 2021 na elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa elfu moja na mia tano. Mwananchi ananunua umeme anaona makato anakuja kwako anasema diwani hela zetu mmefanyia nini, na we umesimama hapo na kikombe cha chai huna la kusema la maana.

Mfano ambao bado unaniuma. Kalavati la njia ya kwenda shule ya msingi lilibomolewa na mvua ya Machi. Nikalipeleka kamati ya maendeleo ya kata, likaandikwa, nikalibeba kwenye kamati ya halmashauri, likaandikwa tena, nikaelezwa kwa ustaarabu kabisa kwamba bajeti ya mwaka ule imeshapita na hii mpya imeshafungwa ukomo, tuliweke kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Hakuna aliyekosea hapo, ndivyo kalenda ya pesa za umma ilivyo, mwaka unaanza Julai na bajeti inajadiliwa kuanzia kama Januari, kwa hiyo mvua ya Machi siku zote inakuta meli imeng'oa nanga. Mi nasubiri Julai ya pili. Huku mwenyekiti wa mtaa, kijana ambaye nilimwachia kiti mimi mwenyewe, kaitisha watu Jumamosi, huyu katoa mawe, huyu magogo, mwenye tripa katoa tripa, fundi wa kanisani kajitolea, saa kumi jioni watoto wanavuka. Picha zikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la kata, chini yake mtu kaandika "na diwani yuko wapi". Nilikuwa kikaoni, bana. Nilikuwa kikaoni kuhusu hilohilo kalavati!

Ila subiri, usikimbilie mtaa bado. Lile la magogo lilikaa msimu mmoja likaondoka. Lililokuja kujengwa la zege ni lile la kwenye makaratasi, na liko mpaka leo. Sema siku linazinduliwa kila mtu alishasahau nani aliliandika.

Nguvu ya diwani iko sehemu mbili tu, nyingine zote ni mapambo. Ya kwanza, kwenye kata yake yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wote wa mitaa ni wajumbe wanakaa wanamsikiliza. Ya pili ni kura yake barazani: bajeti haipiti bila baraza, sheria ndogo hazipiti bila baraza, ingawa hizo zikishapita bado zinakwenda kwa Waziri. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, ndo katibu wa baraza, na wataalamu wote wako chini yake. Kwa hiyo mnakaa ukumbini madiwani mmechaguliwa na watu, upande wa pili wataalamu wameajiriwa wana digrii na takwimu, na kati yenu kuna kabrasha.

Hilo kabrasha ndo litakuamulia kama udiwani ni wako. Linakuja siku mbili tatu kabla ya kikao, kubwa kama biblia, taarifa za robo mwaka, mapato, matumizi, hoja za ukaguzi, miradi. Madiwani wengi, na mimi mwaka wa kwanza nilikuwemo, tulikuwa tunafungua ukurasa wa kata yetu tunaangalia kama darasa letu limo, tunafunga. Kuna mhasibu mstaafu jirani yangu akanicheka, akanikalisha barazani kwake Jumapili mbili akanionyesha, usisome maneno, soma safu za namba, linganisha robo hii na ile. Nikafanya hivyo. Nikakuta makusanyo ya stendi mwezi wa Desemba yameshuka chini ya Novemba. Desemba! Mwezi ambao watu wanalala stendi kugombania basi la kwenda kwao. Nikauliza swali moja tu kwenye kamati ya fedha, kwa upole, mbona mwezi wa abiria wengi ndo mwezi wa hela kidogo? Nikajibiwa mashine za kukusanyia ushuru, POS, zilikuwa na hitilafu. Sawa. Robo iliyofuata makusanyo yakapanda bila basi hata moja kuongezeka. Sikuimba jukwaani, nani atakupigia makofi kwa safu ya namba, lakini kwa mji wetu hiyo nyongeza ilikuwa ni madawati.

Maana mapato ya ndani ndiyo pekee ambayo baraza lina sauti nayo kweli. Pesa nyingi zinashuka kutoka Hazina zikiwa na jina tayari, hii mishahara, hii darasa, hii kituo cha afya. Za kwenu ni ushuru wa soko, stendi, leseni, ushuru wa huduma, wakati wetu asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni, ushuru wa mazao ambao 2017 ulishushwa ukawa asilimia 3 mazao ya biashara na 2 ya chakula, na anayebeba chini ya tani moja akasamehewa, jambo zuri kwa mkulima ila miji inayoishi kwa mahindi iliyumba. Katika hicho kidogo asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na huo mwaka wa katikati, dah, kila kikundi kilidhani diwani ndo kazikalia.

Hapo tena linganisha: mwenyekiti wa mtaa ndo anayejua kikundi gani ni cha kweli na kipi kimeundwa jana kwa ajili ya mkopo, diwani anaona orodha tu imeshachapwa. Nilipokuwa diwani nilikuwa nawapigia wenyeviti wangu simu kabla ya kila kikao, na ambaye hafanyi hivyo anapitisha majina hewa akiwa na dhamiri safi kabisa.

Mfukoni sasa, maana najua ndo mlikuwa mnaisubiri. Uenyekiti wa mtaa hauna mshahara. Kuna fedha ambazo zinatakiwa zirudi kwenye mitaa kwa ajili ya uendeshaji, sisi zilikuwa zinarudi kama mvua za Dodoma, wino wa muhuri nilikuwa nanunua mwenyewe na karatasi pia. Watu wanaongelea hela ya muhuri, buku, buku mbili kwa barua. Nami nikiri, za karatasi nilikuwa napokea, ya mjane na ya mwanafunzi sikupokea. Diwani ana posho ya mwezi, wakati wetu ilikuwa laki tatu na nusu, na tangu Julai 2021 kwenye halmashauri kama zetu ikawa inalipwa na serikali kuu moja kwa moja kwenye akaunti, kabla ya hapo ilikuwa ni kubembelezana na mkurugenzi. Juu yake posho za vikao. Unaona nyingi? Hesabu misiba ya kata nzima, mwenyekiti wa mtaa anaenda na mchele kilo mbili anaeleweka, diwani akija na kilo mbili anasemwa mpaka arobaini. Harusi, kipaimara, maulidi, jezi za vijana, tairi ya bodaboda ya aliyekupigia kampeni. Mimi kuna miezi mama watoto alikuwa ananikopesha hela ya genge. Kama huna kazi nyingine inayokulisha, duka, shamba, ufundi, usiende udiwani, nasema hivi kwa dogo wa simu hasa, maana udiwani utakufungia kibanda siku za vikao na posho haitalingana na wateja waliokukimbia.

Viti maalum niseme kwa kifupi kwa sababu sijakikalia. Dada anapita kwenye jumuiya ya wanawake ya chama, hapiti kwa wananchi wa kata, akifika barazani kura yake ni sawa na yangu, posho sawa. Ila hana kamati ya kata ya kuongoza. Wale niliokaa nao, wawili walikuwa wanasoma kabrasha kuliko sisi wanaume wote tukijumlishwa, na mmoja wao ndo aliyeweka vyoo vya mamalishe kwenye bajeti wakati sisi tunabishana kuhusu geti la stendi. Kwa mwanamke mwenye uwezo ambaye kata yake imeshikwa na mzee asiyetoka, njia ni hiyo.

Kingine ambacho nilikidharau: kesi. Zamani ugomvi wa ardhi ulikuwa unafika baraza la kata, chombo cha usuluhishi, si lile la madiwani, unaamuliwa, tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Kwa hiyo kwa mwananchi mwenye ugomvi wa kiwanja, mwenyekiti wa mtaa anayekumbuka nani alimuuzia nani na nani alishuhudia amekuwa wa thamani kuliko zamani. Sahihi yake kwenye mauziano inaweza kukuletea samansi ya mahakama miaka nane baadaye, mimi nimeshaitwa mara mbili kutoa ushahidi wa karatasi niliyoisaini 2016. Weka daftari. Tarehe, majina, mashahidi, mipaka. Nisingekuwa na daftari lile la kaunta ningeonekana tapeli.

Sasa dogo anataka jibu na si hadithi. Ukiwa ni mtu ambaye moyo unatulia pale ugomvi unapoisha, unajua watu kwa majina ya mama zao, huna hela na hutaki kuonekana unazo, nenda mtaa 2029. Ukishindwa, udiwani uko mwaka mmoja tu mbele na utakuwa umeshajulikana, hata wajumbe wa chama watakuwa wamekuona. Ukishinda, maliza miaka yako mitano, usifanye kama wale wanaoshinda mtaa Novemba, Oktoba inayofuata wanagombea udiwani, wanaacha kiti kinarudiwa uchaguzi na watu wanakasirika na wana haki. Ukiwa ni mtu wa kusoma, unavumilia kusubiri, unaweza kukaa saa sita kwenye kiti cha plastiki ukiwa na njaa na bado saa ya saba ukauliza swali kuhusu ukurasa wa 94, na una biashara inayoenda bila wewe, udiwani ni wako hata kama hujawahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Ila ningekuwa mimi ndo napanga, kila diwani angepita mtaa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza barazani niliokolewa na jambo moja tu, wataalamu wakisema eneo fulani lina kaya chache mimi nilikuwa najua zipo ngapi, maana nilishazibishia hodi zote usiku.

Wengine wameanza kuniuliza kama 2029 narudi kugombea uenyekiti wa mtaa. Mi natamani, sifichi, kuku hawaulizi barua ya utambulisho. Mama watoto kasema siku atakayosikia tena hodi ya saa nane usiku anahamia kwa dada yake Iringa, na funguo za geti kaanza kulala nazo yeye.